Mia Martini, mwimbaji aliyepakaziwa nuksi

Februari 1989, ukumbi wa Ariston, mjini Sanremo, kwenye tamasha kubwa la nyimbo la Italia linaloitwa kwa jina la mji huo. Mwanamke wa miaka 41 anatoka nyuma ya pazia na kusimama mbele ya kipaza sauti. Kwa karibu miaka sita amekuwa nje ya fani, na wapo waliomo ukumbini usiku ule ambao walishazoea kutolitaja jina lake kabisa. Muziki unaanza polepole. Naye anaanza chini, karibu na sauti ya mazungumzo: watu ni wa ajabu, mara wanachukiana, mara wanapendana, wanageuza mawazo ghafla. Wimbo unaitwa “Almeno tu nell'universo”, yaani “Angalau wewe, katika ulimwengu mzima”. Ukipata nafasi ya kuisikiliza rekodi ile, msubiri afike kwenye kiitikio, kwenye neno la Kiitaliano “tu”, ambalo maana yake ni “wewe”. Hapo anafungua kifua chote kwa mara moja, na sauti inatoka na mkwaruzo pembeni, ikiwa imechakaa mahali fulani na nzima mahali pengine. Nimeisikiliza mara nyingi na sijaizoea.

Huyo ni Mia Martini. Kilichomtoa jukwaani kwa miaka yote hiyo hakikuwa kuchuja kisanii, wala kukosa mashabiki. Ni neno moja. Waitalia huliita “jella”: balaa, bahati mbaya inayotembea na mtu. Sisi tungesema ana nuksi, ana kisirani, mguu wake mbaya. Katika tasnia ya muziki ya Italia ilijengeka imani kwamba akiingia studio vyombo vitaharibika, akipanda gari litapinduka, akialikwa tamasha litavurugika. Nakichambua kisa hiki kwa sababu naamini nuksi ile ilikuwa na mtengenezaji wake, ilikuwa na watunzaji, na ilikuwa na wakati wake wa kutumika. Tukifuata mwaka mmoja baada ya mwingine, hayo yote yanaonekana.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1947 huko Bagnara Calabra, mji wa pwani kusini kabisa mwa Italia, unaotazamana na Sicilia, maarufu kwa uvuvi wa samaki upanga. Jina lake la kuzaliwa ni Domenica Bertè. Domenica kwa Kiitaliano ni Jumapili, lakini nyumbani walimwita Mimì. Walikuwa mabinti wanne, wazazi wote wawili walimu. Mmoja wa wadogo zake, Loredana, alizaliwa tarehe hiyohiyo ya 20 Septemba, mwaka 1950, naye akawa mwimbaji mkubwa. Mkumbuke huyu Loredana, tutamrudia.

Alianza kurekodi akiwa msichana, katika miaka ya 1960, kwa jina la Mimì Bertè. Nyimbo zile za kitoto hazikumfikisha mbali. Aliyemgeuza ni Alberigo Crocetta, mwanzilishi wa Piper, klabu ya Roma iliyokuwa kitovu cha vijana wa wakati ule. Crocetta alitaka jina ambalo mgeni hatashindwa kulitamka. “Mia” alilichukua kwa mwigizaji Mia Farrow, na “Martini” ni kinywaji cha Kiitaliano kinachojulikana dunia nzima. Mwaka 1971 Mia Martini akatoka na “Padre davvero”, wimbo wa binti anayemwambia baba yake maneno makali usoni. Redio na televisheni ya taifa, RAI, iliuwekea vikwazo. Kwa Italia ya Kikatoliki ya mwaka ule, binti kumsuta baba yake hadharani lilikuwa jambo zito. Yeye aliuimba bila kulainisha chochote, na tangu hapo watu walijua huyu haimbi kwa kupamba.

Sasa tuje kwenye mzizi wa kisa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa hadharani baadaye, mambo yalianza mwaka 1970. Kulikuwa na promota mmoja aliyetaka kumfunga kwa mkataba wa kumsimamia peke yake, maisha yote. Akakataa. Siku chache baadaye, yeye na bendi yake wakiwa wanarudi kutoka kwenye shoo Sicilia, basi dogo lililowabeba likapata ajali, na vijana wawili wa bendi wakafariki dunia. Hapo ndipo yule promota, kwa simulizi ya Mia, alipoona upenyo. Akaanza kusambaza kwamba binti huyu ana jella.

Tafakari jinsi jambo hili lilivyo la kikatili. Msichana wa miaka ishirini na kitu ametoka kuzika wenzake. Badala ya pole, anatwikwa vifo vile. Na aliyemtwika ana sababu ya kibiashara: alinyimwa mkataba.

Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki hulipita haraka, nami nadhani ndilo ufunguo. Ajali ni ya 1970. Uvumi nao, kama alivyosema, ulianza hapohapo. Mwaka 1972 Mia Martini akatoa “Piccolo uomo” na kushinda Festivalbar, shindano la nyimbo la msimu wa kiangazi. Mwaka 1973 akatoa “Minuetto”, maneno ya Franco Califano, muziki wa Dario Baldan Bembo, na jina lake likawa tena kileleni mwa Festivalbar. Mwaka 1977 aliiwakilisha Italia kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, jijini London. Akaimba pamoja na Charles Aznavour, mwimbaji mashuhuri wa Ufaransa, hadi kwenye ukumbi wa Olympia jijini Paris. Sasa hiyo nuksi ilikuwa wapi? Mbona hakuna aliyeogopa?

Festivalbar ilikuwa na utaratibu wake. Nyimbo zilipelekwa kwenye mashine za muziki zilizokuwa kwenye mabaa na migahawa ya ufukweni kote Italia, zile za kutumbukiza sarafu na kubonyeza namba ya wimbo. Msimu mzima wa kiangazi zilihesabu ni wimbo gani umepigwa mara nyingi zaidi. Kijana wa Rimini au Bari aliyekuwa na sarafu mfukoni, mchanga bado miguuni, ndiye aliyekuwa jaji. Huyo hakujua habari za basi la Sicilia wala maneno ya promota. Alitaka kusikia sauti ile tena, basi. Palipokuwa na sarafu ya mwananchi, Mia Martini alishinda. Palipokuwa na meza ya waandaaji na wenye kampuni za kurekodi, huko ndiko mlango ulikokuja kufungwa.

Kwa hiyo uvumi haukufa katika miaka ile ya mafanikio. Ulilala. Santuri zilikuwa zinauzwa, na hakuna mfanyabiashara anayeogopa nuksi ya mtu anayemwingizia fedha. Ukaamka alipoanza kuyumba. Aliachana na kampuni ya Ricordi, iliyokuwa imemtolea vibao vyake vikubwa. Kuingia miaka ya 1980 akawa amefanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti. Sauti ya zamani, ile safi ya “Piccolo uomo”, haikurudi. Ilirudi nyingine, nzito na yenye kukwaruza. Mimi naipenda hii ya pili kuliko ya kwanza, ila naelewa kwa nini mwenye kampuni aliyekuwa anapiga hesabu aliona hatari. Hapo ndipo maneno ya miaka kumi nyuma yakapata kazi ya kufanya. Kumwambia msanii “hatukutaki kwa sababu hatuna hakika utauza” ni aibu kidogo, maana anaweza kukujibu. Kunong'ona kwamba ana jella hakuhitaji jibu.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye imani yenyewe, maana bila kuielewa mtu anaweza kudhani Waitalia wale walikuwa wajinga tu. Hawakuwa. Kusini mwa Italia, hasa Naples, kuna tofauti kati ya mambo mawili. Lipo “malocchio”, jicho baya, ambalo sisi tungeliita kijicho: mtu anakuonea husuda na husuda ile inakudhuru. Na ipo “iettatura”, ambayo ni hali ya mtu kuleta balaa bila kukusudia, bila hata kujua. Kuna mwanasheria wa Naples, Nicola Valletta, aliyeiandikia kitabu kizima mwaka 1787. Dhidi yake watu hugusa chuma, huvaa kidude cha umbo la pembe nyekundu shingoni au kwenye funguo. Na watu wa jukwaani wamezidi: hadi leo wasanii wengi wa Italia hawataki rangi ya zambarau ukumbini.

Tofauti hiyo ndiyo iliyommaliza Mia Martini. Mtu akituhumiwa kijicho, au kwetu akituhumiwa uchawi, anaweza kukana, akaapa, akaonyesha moyo wake ni mweupe. Aliyeambiwa ana nuksi hana cha kukana, kwa sababu hakuna aliyemshutumu kwa kutenda jambo. Akiwa mwema, bado ana nuksi. Akilia, bado ana nuksi. Taa ikizimika studio, ni yeye. Isipozimika, subirini kidogo.

Na ukiangalia kwa karibu, haikuhitajika hata watu waamini. Alisimulia kwamba aliwahi kualikwa kwenye kipindi cha muziki cha televisheni, na alipoingia tu studio akamsikia mwongozaji anawaambia mafundi wakae chonjo, kuanzia sasa lolote laweza kutokea, vipaza sauti vitaungua, umeme utakatika. Jaribu kuwa wewe. Umetoka chumba cha vipodozi, umevaa, unakwenda kuimba wimbo wa mapenzi, na mafundi wanatazamana na kugusa chuma. Wapo waliokuwa wanacheka, naamini hivyo. Lakini mwimbaji anaimba na mwili wake, na mwili unayasikia mambo kama hayo.

Tukio la pili alilolisimulia ndilo linaloonyesha mtambo ulivyofanya kazi. Meneja mmoja alimsihi asishiriki tamasha fulani, kwa sababu akiwemo yeye, hakuna kampuni itakayopeleka wasanii wake. Meneja hasemi “naogopa”. Anasema wengine wataogopa. Na hao wengine, ukiwafuata mmoja mmoja, huenda nao wangekuambia hivyohivyo: mimi sina neno, tatizo ni wale. Kila mtu anapiga hesabu ya hofu ya jirani yake, na mwisho wa hesabu zote mwanamke mmoja anabaki nje. Yeye mwenyewe alisema mambo yalishafika kwenye upuuzi, ndipo akaamua kuacha.

Kabla ya kuacha kulikuwa na mwaka 1982, na mwaka huo unastahili kutazamwa vizuri. Alikwenda Sanremo na “E non finisce mica il cielo”, wimbo wa Ivano Fossati. Kura hazikumpa ushindi. Waandishi wa habari waliokuwa wakiripoti tamasha walikuwa wamesikia walichosikia, na wakaanzisha tuzo ambayo haikuwepo, Tuzo ya Wahakiki, wakampa yeye. Yaani watu ambao kazi yao ni kusikiliza walilazimika kutengeneza zawadi mpya ili uimbaji ule usipite bila kutambuliwa. Mwaka huohuo wa 1982 mdogo wake Loredana alishinda Festivalbar kwa “Non sono una signora”. Mtunzi? Ivano Fossati. Damu moja, mtunzi mmoja, mwaka mmoja. Mmoja anapaa, mwingine anaepukwa. Kama kungekuwa na imani ya kweli kuhusu balaa la ukoo au la nyota ya kuzaliwa, hawa wawili waliozaliwa tarehe moja wangeogopwa pamoja. Loredana hakuguswa. Hakuwa na promota aliyenyimwa mkataba.

Mwaka 1983 Mia alirekodi albamu ya moja kwa moja ukumbini, jijini Milan, akaiita “Miei compagni di viaggio”, wenzangu wa safarini. Kisha akajiondoa. Akaishi mashambani Umbria. Mwaka 1985 alijaribu kurudi Sanremo na “Spaccami il cuore”, wimbo wa Paolo Conte, mmoja wa watunzi wanaoheshimika kuliko wote Italia. Waliochuja nyimbo wakaukataa. Kwa miaka hiyo alipata riziki kwa kuimba kwenye sherehe za viwanja vya miji midogo, zile za sikukuu ya mtakatifu wa mji, mbele ya watu wanaokula soseji na watoto wanaokimbizana. Sidharau jukwaa la namna hiyo hata kidogo. Ila mwimbaji aliyesimama Olympia na Aznavour, akiwa bado hajafika miaka arobaini, hakuwa mahali pake.

Nimekutana na hoja kwamba tunaukuza uvumi, kwamba mambo ya kawaida ya tasnia yanatosha kueleza kuporomoka kwake: kuvunjika kwa mikataba, upasuaji, ladha ya miaka ya 1980 iliyogeukia muziki wa vinanda vya umeme na sura changa. Hoja hiyo ina uzito na sitaisukuma pembeni. Wapo waimbaji wengi wa miaka ya 1970 waliopotea Italia bila kusingiziwa chochote. Lakini msanii aliyechuja huachwa tu, watu humsahau bila shida na hata humwalika kwa huruma kwenye vipindi vya kumbukumbu. Mia Martini hakusahauliwa. Alikwepwa. Waandishi walimpa tuzo ya peke yake, watunzi wakubwa waliendelea kumwandikia, na bado mlango haukufunguka. Masuala ya biashara yanaeleza kwa nini alikuwa dhaifu mwaka 1983. Hayaelezi kwa nini watu waligusa chuma.

Wimbo uliomrudisha mwaka 1989 nao ulikuwa na historia yake ya kungoja. Bruno Lauzi na Maurizio Fabrizio walikuwa wameutunga mwaka 1972, mwaka uleule wa “Piccolo uomo”, ukakaa kabatini miaka 17. Kumi na saba, kwa Waitalia, ndiyo namba ya mkosi, kama kumi na tatu kwa wengine. Sijui kama kuna aliyelitaja hilo mwaka ule. Mimi limenikaa kichwani. Ukumbi wa Ariston ulimpokea kwa makofi ya muda mrefu. Katika orodha ya mwisho alishika nafasi ya tisa, na Tuzo ya Wahakiki ikawa yake tena. Mwaka 1990 akarudi na “La nevicata del '56”, wimbo wa theluji iliyoangukia Roma mwaka 1956, akaitwaa tuzo hiyo mara ya tatu. Mwaka 1992, kwa “Gli uomini non cambiano”, wanaume hawabadiliki, alishika nafasi ya pili Sanremo, na Mei mwaka huo akaiwakilisha tena Italia kwenye Eurovision, safari hii Malmö, Sweden, akawa wa nne kwa wimbo “Rapsodia”.

Hakuna paa lililoanguka. Hakuna umeme uliokatika. Tangu Februari 1989 alipanda majukwaa makubwa mbele ya mamilioni ya watazamaji, mwaka baada ya mwaka, na matamasha yaliendelea kama kawaida. Kama nuksi ingekuwa jambo la kupimwa, lilishapimwa na kushindwa. Ni baada ya kurudi huko ndipo alipoamua kusema hadharani yote: mkataba alioukataa, basi la Sicilia, mwongozaji wa televisheni, meneja aliyemsihi. Aliyasema akiwa ameshasimama, watu wakiwa wanamsikiliza, na nadhani alichagua wakati ule kwa makusudi. Angeyasema mwaka 1984 angeonekana analialia.

Ila tusijidanganye kwamba makofi yalifuta kila kitu. Miaka aliyoipoteza ilikuwa kati ya 35 na 41, miaka ambayo mwimbaji wa sauti kama ile huwa ameshaijua ala yake na bado ana nguvu ya kuitumia. Albamu ambazo zingerekodiwa wakati huo hazipo. Mwaka 1993 alipanda Sanremo pamoja na Loredana, wimbo “Stiamo come stiamo”, dada wawili waliokuwa wameishi miaka bila kuelewana. Mwaka uliofuata akatoa albamu ya nyimbo za watunzi wengine.

Tarehe 14 Mei 1995 alikutwa amefariki katika nyumba aliyokuwa akiishi peke yake huko Cardano al Campo, mji mdogo wa mkoa wa Varese, kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 47. Alikuwa amelala na spika za masikioni. Uchunguzi ulisema moyo ulisimama kutokana na kokeini. Alikuwa amekufa siku mbili hivi kabla ya kukutwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: mtu aliyejulikana na nchi nzima, siku mbili, hakuna aliyebisha hodi.

Mwaka 1996 Tuzo ya Wahakiki ya Sanremo, ile iliyoanzishwa kwa ajili yake mwaka 1982, ilipewa jina lake. Tangu hapo, kila mwaka, jina ambalo watu wa fani walikwepa kulitamka linatangazwa kwa sauti kwenye jukwaa lilelile, na wasanii wanaomba walipate.

Februari 2024 tuzo hiyo ya Mia Martini ilikwenda kwa mwanamke wa miaka 73 aliyeimba wimbo uitwao “Pazza”, kichaa. Aliitwa jina lake akaenda kuichukua: Loredana Bertè.